Chombo (MUD)

Chombo katika MUD ni kitu cha kubuniwa kinachoweza kubeba vitu vingine. MUD ni mchezo wa kompyuta wa maandishi unaochezwa na watu wengi kwa pamoja. Wa kwanza ulianzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw kwenye Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza.

Katika mchezo wa LambdaMOO, ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, chombo kipya hurithi amri za chombo cha mfano: kufungua, kufunga, kutia na kutoa. Kwa mfano, mchezaji anaweza kujenga kihenge cha Iringa na kutia ndani yake gunia la mchele wa Mbeya. Huamua nani aweze kukifungua, kama vilivyomo vionekane kikiwa kimefungwa, na maneno gani wengine wasome kinapofunguliwa.

Kila kitu huwa na mahali pamoja tu. Kwa hiyo programu hukataa kihenge kitiwe katika gunia lililo ndani yake. La sivyo vyote viwili visingekuwa popote, wala mchezaji asingeweza kuvifikia tena.