Milima Inayovuna Mvua Nyikani

Mbatata na karoti nyingi zinazoshushwa kwa magunia sokoni Mwanakwerekwe zimetoka Bara, na baadhi yake ni za Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Mbatata haipendi joto letu, na Unguja hatuna pa kulikimbia: kilima chetu cha Masingini hakifiki hata mita 150.

Sasa muulize aliyevuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha akapanda basi la Arusha, milima hiyo ikoje. Atakutajia mibuyu, mkonge wa Mombo, miti ya miiba, vumbi la Same, na ukuta wa mwamba unaomfuata saa nzima dirishani upande wa kulia. Atashangaa kusikia kabeji inaota huko. Hakosei alichokiona, ila barabara ile inapita demani, nyuma ya milima. Mvua hushukia joshini, upande unaotazama bahari.

Safu hii huitwa Tao la Mashariki. Inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, na kuishia Udzungwa na Mahenge. Haikutokana na volkano. Miamba yake iliiva kwa joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye sana ardhi ikapasuka, vipande vingine vikainuka, vingine vikadidimia. Ndiyo maana kingo zake zimesimama wima, na kati ya mlima na mlima pametandaa nyika kama bahari kati ya visiwa. Kilimanjaro, tunayoipigia ngoma kila siku, haijatimiza hata miaka milioni 3.

Upepo wa Bahari ya Hindi hufika pwani ya Tanga umebeba unyevu. Juu ya ardhi tambarare mara nyingi hupita tu, kwa sababu hakuna mlima wa kuusukuma juu. Ukiugonga mlima hulazimika kupanda, na kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa, nyuzi 5 hadi 10 hivi kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote iliokuja nao, ukageuka wingu, kisha mvua. Ikishavuka kilele huteremka, hupata joto tena, na mawingu huyeyuka. Amani, Usambara Mashariki, hupata milimita 1,900 hivi kwa mwaka, zaidi ya mji wetu. Same, nyuma ya milima, hupata kiasi cha 500 hadi 600. Kwa hiyo mlima uleule unaomshibisha huyu ndio unaomkausha yule. Hata miezi isiyo na mvua, ukungu hunasa kwenye majani ya msitu na kudondoka tone kwa tone, na vijito haviishiwi.

Wanasayansi wengi wanaona kwamba bahari hii yenye joto ndiyo iliyoilinda misitu hiyo hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu. Viumbe vilivyobaki juu, vikizungukwa na nyika visiyoweza kuivuka, vikabadilika kila kimoja kivyake. Mfano ni ua dogo la zambarau linalofugwa madirishani kote Ulaya: asili yake ni Usambara, na mwaka 1892 liliokotwa na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani.

Mimi naona vipeperushi vya utalii vimeitendea Kilimanjaro upendeleo kwa barafu yake. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia Uluguru, milima isiyo na barafu hata chembe.

Mito mingine haifiki mbali hivyo. Kwenye miteremko ya Pare inayoelekea Makanya, vijito hushuka kwa kasi kisha vikafia mchangani. Wapare walijenga ndiva, mabwawa madogo yanayokinga maji usiku. Asubuhi hufunguliwa yaingie mferejini, na kila shamba lina zamu yake. Mahindi ya bondeni hunywa mvua isiyowahi kunyesha juu yake. Wa juu wakizidisha kuchota, mfereji wa chini hukauka, na hapo huitishwa kikao.