Nukta kwenye skrini, foklifti kwenye kona

Foklifti yenye mzigo wa tani mbili haisimami papo hapo. Ndiyo maana baadhi ya viwanda na maghala makubwa humvisha mfanyakazi tagi ndogo ya redio na kufunga nyingine kwenye foklifti, ili kompyuta ijue nani yuko wapi na kupunguza mwendo wa mashine kabla hawajakutana konani. GPS haifai humo: setilaiti zake ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu, na mawimbi yake hufika yakiwa hafifu mno kupenya bati na zege.

Kazi hiyo hufanywa na UWB, redio inayotuma mapigo mafupi mno. Vipokezi vya ukutani hunakili wakati pigo lilipofika, na seva hukokotoa mahali tagi ilipo. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Saa za vipokezi zikipishana nanosekunde 10 tu, hesabu ya umbali inakosea kwa mita 3.

Fundi mzuri huonekana kwenye ufungaji. Vipokezi vitatu ndicho kiwango cha chini cha kumpata mtu sakafuni, lakini rafu za chuma hulazimisha kuongeza: chuma hurudisha mawimbi, na pigo lililozunguka huchelewa, tagi ikaonekana iko mbali kuliko ilipo. Vifungwe kuzunguka eneo, visipangwe mstari mmoja, na mahali pa kila kimoja papimwe kwa leza, maana kosa la hapo litaingia katika kila hesabu ya baadaye bila mtu kujua. Mwili wa binadamu nao huzuia mawimbi. Tagi ya kifuani hufifia mtu akikipa kipokezi mgongo, kwa hiyo kofia ngumu ni mahali bora. Na majaribio yafanyike rafu zikiwa zimejaa. Ghala tupu hudanganya.

Wauzaji husifu usahihi wa sentimita 10 hadi 30. Kuhusu usalama wa mtandao huwa wazito wa maneno. Agosti 2022, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat jijini Las Vegas, watafiti wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Nozomi Networks walieleza walivyochunguza mifumo miwili ya UWB, mmoja wa kampuni ya Sewio na mwingine wa Avalue. Hawakuhangaika na redio. Waliingilia mtandao unaounganisha vipokezi na seva, wakasoma data na kuibadilisha, hata nukta ya tagi kwenye skrini ikaonekana mahali ambapo tagi haipo. Foklifti inayoamini nukta hiyo haitapunguza mwendo.

Basi vipokezi vipewe mtandao wao peke yao, data isimbwe njiani, na nywila zilizowekwa na mtengenezaji zibadilishwe siku ya kwanza. Hata hivyo, binafsi nisingekubali mfumo huu uwe ndiyo kinga pekee: mistari ya rangi sakafuni, vioo vya konani na honi vibaki.

Tena rekodi za tagi hizi ni nyendo za watu, na sheria huzilinda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kuzuia ajali ni sababu inayoeleweka. Meneja akitaka kuzitumia kuhesabu dakika za chooni, hayo ni matumizi mengine kabisa, na wafanyakazi waelezwe kabla tagi hazijagawiwa.