Je, Yafaa Kuketi Ukumbini Kutazama Jimnastiki ya Wanawake?



Ndugu Waislamu, swali hili nimeulizwa hapa Mungaa, wilayani Ikungi, na wala si la mbali kama linavyodhaniwa. Mwaka 2018 mashindano ya dunia ya jimnastiki yalifanyika Doha, Qatar, nchi ya Kiislamu. Simone Biles wa Marekani, aliyepelekwa hospitali kwa kijiwe cha figo katika mkesha wa kuanza kwake kushindana, alitwaa medali sita, nne zikiwa za dhahabu. Aliyekuwapo ukumbini alimwona akipinduka hewani na kutua juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, iliyoinuliwa sentimita 125 kutoka sakafuni. Nani atakana kuwa hiyo ni ishara ya uwezo wa Muumba?

Lakini vazi lao hubana mwili, na mapaja huwa wazi. Katika Surat an-Nur, amri ya kuinamisha macho imeelekezwa kwanza kwa wanaume waumini, aya ya 30. Wanawake wakafuatia katika aya ya 31. Sisi tumepindua mpango huo: macho yetu tumeyaacha huru, mabinti tumewafungia ndani! Mwanamume sioni njia ya kumhalalishia tiketi ile, na runinga haibadilishi hukumu. Mwanamke kumtazama mwanamke mwenzake ni jambo jepesi zaidi, ingawa nalo lina mipaka.

Ama mchezo wenyewe hauna kosa. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, na aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, huku Mtume akimsitiri kwa shuka yake.

Mwaka 2015 Farah Ann Abdul Hadi, Mwislamu wa Malaysia, alishinda dhahabu kule Singapore, akashambuliwa kwa sababu ya vazi. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, mabinti wa Ujerumani walivaa vazi lililofika vifundoni, wakipinga kutazamwa kwa tamaa. Bado lilibana, lakini kanuni za mchezo zilikuwa zimeliruhusu tangu zamani, ingawa waliolivaa walikuwa wachache.

Basi mzazi anayetaka kumwondoa binti yake katika timu ya shule, aanze kwa mwalimu wa michezo: aombe suruali pana, mikono mirefu na mtandio, na saa ya mazoezi ya wasichana, wavulana wapangiwe uwanja mwingine.