Rangi ya Manyoya ya Mshale

Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza kujifunza kupiga mishale, kama alivyopokea Uqba bin Amir katika Sahihi Muslim. Basi sisi wa Mofu, bonde la Kilombero, twawausia vijana: mshale uliopotea majanini huungoja mguu wa mtoto, au wa mwenye kuvuna mpunga. Wakati wa masika, majani yakiwa mabichi, manyoya meupe ya kuku huonekana upesi. Kiangazi, yakikauka na kupauka, manyoya yatiwe rangi nyekundu iliyokolea. Walakini wako wanaume wasiopambanua nyekundu na kijani. Hao wachague buluu. Tena hesabuni mishale kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kuondoa udhia njiani ni katika imani, kama tufundishavyo chuoni.