UMUBIRIZI: FAIDA YA MAJANI MACHUNGU NA MPAKA WAKE

Ni nani aliyelelewa Rusizi asiyeujua umubirizi? Ni mti mfupi wenye majani machungu kama shubiri. Wataalamu huuita Vernonia amygdalina, na katika baadhi ya sehemu za Tanzania huitwa mtukutu. Tangu zamani wazee wamekuwa wakitwanga majani yake na kumnywesha mwenye minyoo, maumivu ya tumbo au homa. Siku hizi imeongezwa sifa nyingine, kwamba majani hayo huulinda mwili usichakae. Je, sifa hiyo ina msingi?

Msingi upo. Kila askari anajua kwamba bunduki isiyopakwa mafuta hushika kutu. Mwili nao, unapotumia oksijeni kuunguza chakula, hutoa mabaki makali yawezayo kudhuru chembe zake, mfano wa kutu ilavyo chuma. Mimea mingi ina viambato vya kuyatuliza mabaki hayo, viitwavyo antioksidanti. Mwaka 1994 wanasayansi wa Nigeria na Poland walitangaza kwamba majani ya mti huu yana luteolini na jamaa zake wawili, na kwamba nguvu hiyo ilionekana katika maabara.

Hata wanyama wanaujua mti huu. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha tawi lake changa. Kesho yake alionekana amepata nafuu.

Lakini chupa ya maabara si tumbo la mtoto, na kuzuia kutu si kuua vijidudu vya malaria. Bonde la Bugarama lina joto na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, ambamo mbu huzaliana. Malaria kali isipotibiwa yaweza kuua katika muda wa saa 24. Mama anayemnywesha mtoto majani kwa siku mbili huku akingoja homa ishuke, anapoteza muda usiorudi. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kwa mshauri wa afya wa kijiji, apimwe damu na kupewa dawa mseto. Tangu mwaka 2016 washauri hao huwatibu hata watu wazima. Nawe askari uliye kazini mbali na nyumbani, wakumbushe jamaa zako jambo hili.

Basi umubirizi uwe mboga. Nchini Nigeria na Kameruni majani yake huoshwa kwa kusuguliwa, huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, kisha huungwa. Mwenye kisukari amwulize daktari kwanza, kwani katika majaribio ya wanyama majani haya yameshusha sukari ya damu. Mja mzito naye afanye vivyo hivyo.

Tuutunze mti wa wazee wetu jikoni. Homa tuipeleke kwa mpimaji.