Mpira ukiisha, mtoto wetu atakuwa nani?

Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alitusomea ujumbe kutoka Marekani. Mtoto wake, aliyeenda huko na baba yake mkubwa kutoka kambi ya Nyarugusu, sasa ana miaka 16. Mwalimu wa michezo ameona ana mwili mkubwa na mbio kali, anamtaka katika timu ya mpira wa Kimarekani. Kijana anasema masomo yanamchosha, ataishi kwa mpira. Mama akatuuliza: "Nimjibu nini?"

Tulinyamaza, kwa sababu wengi wetu mchezo huo hatuujui. Basi tumeuulizia, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mpira huo si kama wa hapa Kilembwe. Umechongoka pande mbili, hubebwa mikononi, na wachezaji huangushana kwa nguvu. Ndiyo maana wanavaa kofia ngumu. Ligi kubwa inaitwa NFL, yenye timu 32. Mchezaji anaweza kulipwa mamilioni ya dola, lakini kwa wastani hukaa humo miaka mitatu na kidogo tu. Kijana anastaafu kabla hajafika miaka 30, na maisha marefu bado yako mbele.

Tumpime mtoto wa nchi yetu. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Kanada, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1995, katika mechi moja dhidi ya Ohio State, alikimbia na mpira jumla ya yadi 313, karibu mita 286. Mwaka uliofuata timu ya Carolina Panthers ilimchukua, akiwa wa 8 kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka huo. Msimu wake wa kwanza haujafika mbali, goti likaharibika. Alipona, akarudi uwanjani. Mwaka 2001 aliumia mguu, na kazi ikaishia hapo. Alikuwa na miaka 27.

Hakukaa akihesabu sifa za zamani. Aliingia katika biashara ya vito vya thamani mjini Charlotte, kisha akawa na migahawa ya Bojangles, inayouza kuku wa kukaanga, upande wa Augusta, Georgia. Aliyeshangiliwa na maelfu alianza upya, kazi ya kuhesabu unga, mafuta na mishahara ya wafanyakazi. Wamama wanaouza sokoni wanaijua kazi hiyo.

Mwingine ni Henoc Muamba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1989. Alipita Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier kabla ya kuingia ligi ya Kanada, ambako mchezo unafanana na ule wa Marekani. Mwaka 2022 timu yake ya Toronto ilitwaa kombe, naye akawa mchezaji bora wa fainali. Naye sasa ameshaacha kucheza.

Si wote wanaoanguka kwa miguu. Wachunguzi walitangaza mwaka 2015 kwamba karibu wachezaji 16 kati ya 100 wa NFL waliowafuatilia walifilisika mahakamani ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Hata waliocheza miaka mingi na kulipwa zaidi hawakuwa salama. Sisi tunaoweka akiba kidogo kidogo kwenye likelemba tunaelewa: pesa nyingi isiyo na mpango huisha kama ile ndogo.

Kuna pia kichwa. Mwaka 2002 daktari Mnaijeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri aliyefariki akiwa na miaka 50, akaukuta umeharibika. Baadaye maelfu ya wachezaji wa zamani waliishtaki ligi, nayo ikakubali kulipa fidia.

Je, mama amkataze? Hatusemi hivyo. Mchezo unaweza kumlipia kijana masomo ya chuo kikuu, na hilo ni jambo kubwa kwa familia iliyotoka kambini. Lakini kijana ajue hili: NFL haimchukui mtu kabla ya miaka mitatu kupita tangu wenzake wa darasa wamalize sekondari, kwa hiyo karibu wote hupitia chuo kikuu. Na timu za vyuo vikuu haziwezi kumchezesha asiye na alama za kutosha darasani. Anayeacha kitabu kwa ajili ya mpira anaukosa na huo mpira.

Tulikubaliana mama ampigie na kumuuliza maneno manne. Mwanangu, alama zako za muhula huu ni zipi? Ukigongwa kichwa, nani anakuondoa uwanjani, na daktari yupo? Umeambia baba mkubwa kila karatasi uliyopewa kutia sahihi? Na mpira ukiisha, unataka kuwa nani?

Maswali hayo yanawafaa pia vijana wetu wa hapa wanaotoroka darasa kwenda uwanjani. Tuwashangilie, lakini jioni tufungue madaftari yao.

Mama alimpigia Jumapili. Kwa swali la nne, kijana alinyamaza sana, kisha akasema: "Mama, nipe siku nifikirie." Tunamsubiri pamoja naye.