Je, Wajua? Kani ya Ndovu wa Makwasinyi

Kani ni tungamo mara badiliko la mwendokasi, kugawanya kwa muda uliotumika. Mfano upo Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, eneo ambalo ndovu wa Tsavo hupita. Dume wa kilo 5,000 aliyesimama akitimua mbio hadi mita 5 kwa sekunde, ndani ya sekunde 4, huhitaji kani ya wastani wa nyutoni 6,250. Kinachotisha hasa ni muda unapopungua. Ndovu huyohuyo akizuiwa na ukuta wa tangi la maji kwa nusu sekunde, ukuta hustahimili wastani wa nyutoni 50,000, kubwa kidogo kuliko uzito wake mwenyewe. Si ajabu tangi likipasuka.